Kimya cha Wakwe

Ndélé, 6 Januari 2013

Kwa shemeji yangu Hassaballah,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na bunduki yako na ile njaa yako isiyokwisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Dada yako Achta anakusalimu mara mbili, na ile ya pili ni ya kukuuliza kama unakula.

Ama baada ya salamu, habari za Bria zimefika. Miji mnaiangusha upesi mno, redio inatutangulia na dereva akifika hana jipya la kusema. Watu wamejaa barazani kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyepigana. Wewe unajua kazi yangu: waliona mwalimu wa shule hafai kushika silaha, wakanipa funguo za ghala la dizeli. Nanuka mafuta hadi Achta ananifukuza kitandani.

Unakumbuka mwaka jana, makamanda wenu Wagula na wetu Warunga, pamoja na wale wapanda farasi wa ng'ambo ya mpaka, walipoapa juu ya msahafu kwamba Muungano wa kuiangusha serikali ni mmoja? Watu walicheka. Kamanda wako akasema kiapo bila ndoa ni maneno matupu, ndipo mimi na Achta tukapatikana. Wenzangu waliapa kwa msahafu, mimi niliapa kwa mahari. Sijuti hata kidogo.

Ila dada yako ana ulimi. Juzi kalalamika kwamba samaki wakavu wa Ndélé hawana ladha. Nikamwambia sisi Warunga tulikuwa na sultani wakati nyinyi Wagula mnajificha kwenye matete ya ziwa. Akanijibu, "Tulijificha kwa sababu sultani wenu alikuwa akitukamata kutuuza." Kisha chai yangu akaitia chumvi.

Ukifika mji mkuu, Bangui, nitazamie bei ya daftari na chaki. Nchi ikiwa yetu nitafungua shule.

Wako shemeji,
Fadoul


Bangui, 14 Aprili 2013

Shemeji Fadoul, mzee wa mapipa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Haoua, na kwa huyo dada yangu mtia chumvi. Alifanya vizuri. Mimi mzima, mguu tu umevimba kidogo.

Tumeingia. Naandika nikiwa ndani ya ofisi ya wizara, wizara gani sijui, maana kibao cha mlangoni kimeshang'olewa. Nimepewa ukanali. Usicheke! Mimi niliyekuwa nikiwatafutia wawindaji wa Kizungu nyayo za nyati, leo naitwa mon colonel na watu waliosoma. Siku ya kwanza nililia, shemeji, nakwambia kweli. Kwetu mvua ikianza tunatengwa na nchi hadi kiangazi kirudi, mjamzito anafia njiani juu ya mkokoteni. Hapa lami inakwenda mpaka makaburini.

Lakini mambo siyo. Siku tuliyoingia kuna bibi mmoja alinipa maji ya kunywa mlangoni kwake. Kesho yake nikapita tena, nikakuta vijana wetu wanapakia jokofu lake kwenye gari. Nikawafokea. Mmoja akaniambia, "Kanali, mbona unapiga kelele? Mshahara wetu uko wapi?" Bibi alinitazama tu. Wale wapanda farasi wa ng'ambo hawakijui Kisango, lugha ya watu wa hapa. Wanamwamrisha mtu kwa Kiarabu, asipoelewa wanampiga. Kila siku yanatoka magari kuelekea kaskazini yamejaa magodoro. Tulikuja kuchukua nchi, tumechukua magodoro.

Wakubwa wanasema ni mambo ya siku chache, yatatulia. Mimi nawaamini kwa sababu nisipowaamini nitafanya nini? Chaki nimeuliza. Duka lenyewe limevunjwa, ila nitatafuta.

Shemeji yako,
Hassaballah


Ndélé, 20 Agosti 2013

Kwa shemeji Kanali,

Salamu. Mvua huku imetufunga, barua hii sijui itapita wapi. Hatujambo wote, isipokuwa Achta, ambaye hajambo kupita kiasi: ana mimba. Naam. Unaweza kuanza kuniita baba wa mtu.

Mama yenu ameshatuma neno kutoka Tiroungoulou, kabla hata hatujamwambia, sijui amepata wapi habari. Anasema mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na hataki kusikia hadithi za barabara. Kwetu ni hivyo hivyo, kwa hiyo sibishi. Barabara ikikauka atakwenda, ajifungue huko, akae arobaini yake, kisha nije kumchukua. Nimemwambia Achta nitakonda. Akasema nafasi ya kukonda ninayo.

Sasa jambo jingine, na usilichukue vibaya. Huku watu wetu wananung'unika. Wanasema nyinyi mmekaa mezani, sisi tumeachiwa vyombo tuvioshe. Vyeo vyote vya Muungano vimekwenda kwa Wagula na wageni wa ng'ambo. Mimi husema ni maneno ya sokoni. Lakini wiki hii kaka yangu Khatir, unamjua alivyo mpole, amerudi kutoka Bria bila salamu. Alivuliwa kazi ya kizuizi cha barabarani, wakampa mpwa wa kamanda wenu. Nilijaribu kumtania kidogo, akaniambia nimeolewa na Wagula. Nilicheka peke yangu.

Nijibu, hata mistari miwili.

Shemeji,
Fadoul


Bangui, 11 Desemba 2013

Shemeji,

Kama mko hai, alhamdulillahi. Sisi tunaishi kwa kudra tu. Nimefurahi mno kwa mimba ya Achta, na nimeificha furaha hiyo kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia.

Mwezi wa tisa mkubwa wetu alituvunja kwa redio. Alisema Muungano haupo tena, kuna jeshi la taifa tu. Tulikuwa tunakunywa chai, tukatazamana. Yaani mtu anavunja kwa mdomo kitu ambacho bado kina bunduki? Tangu hapo kila kamanda na watu wake, na anayetoa amri hajulikani.

Sasa watu wa mitaa wamesimama na mapanga. Mzee Garba, muuza nyama wa mtaa wetu, ambaye hajawahi kushika hata fimbo, wamemkatakata kwa sababu alikuwa akiswali kama sisi. Baada ya hapo watu wetu wakaenda mtaa wa pili, wakafanya yale yale kwa wasiohusika. Nilisimama katikati ya njia nikawaita kwa majina, mmoja mmoja. Walinipita kushoto na kulia. Ukanali wangu umeishia hapo.

Ninachotaka ni hiki: mpeleke Achta Tiroungoulou mapema, asingoje. Misafara yetu itaanza kurudi kaskazini na watu wenye hasira, na barabara hizo hazitakuwa za mwanamke mwenye mimba. Nami nitarudi nyumbani Mungu akipenda. Sitaki kitu tena, nataka nimkute dada yangu kwa mama.

Kaka wa mkeo,
Hassaballah


Ndélé, 2 Februari 2014

Shemeji yangu,

Salamu na shukrani kwa Mungu. Dereva ameniambia umefika Tiroungoulou salama. Mama alipiga vigelegele peke yake uani. Achta naye bila shaka mnaye, aliondoka na lori la mfanyabiashara wa karanga, nikamfungia mito mitatu chini yake. Alilia, akanikataza kulia.

Mimi nilipelekwa Bria kwenye mkutano wa kuunganisha upya Muungano, nikiwa mwandishi. Kuunganisha! Kila kamanda alikuja na bendera yake na muhuri wake. Kilichogombewa ni nani akae kwenye kizuizi cha barabara ya almasi, basi. Kisha kamanda wenu mmoja akasimama, akasema Warunga hawajabadilika, babu zao walituuza na wao wanataka kutuuza. Ni lile neno la Achta, shemeji, lile lile nililonyweshwa nalo chai ya chumvi. Nilinyanyua uso nikitegemea watu watacheka. Mkubwa wetu wa Kirunga akajibu kwamba mtumwa akipewa kiti husahau mkeka. Hapo nikaacha kuandika.

Tumetoka na majina manne badala ya moja. Mimi ninahesabiwa upande wa Warunga, sikuulizwa. Dizeli ni ile ile.

Nijulishe mtoto akizaliwa. Usimngoje dereva mzuri, mpe yeyote.

Wako,
Shemeji Fadoul


Tiroungoulou, 26 Machi 2014

Baba wa Haoua,

Naam, nimekuita hivyo. Pokea salamu za kijiji kizima. Achta amejifungua salama binti mwenye sauti ya kuuzia samaki. Siku ya saba baba alimnyoa nywele, na kwa kuwa hukuwepo, Achta akasema apewe jina la mama yako. Hakuna aliyepinga, ingawa shangazi mmoja alinung'unika, "Jina la Kirunga, wakati huu?" Baba akamwambia akapike.

Siku za mwizi ni arobaini na za mzazi ni hizo hizo. Zikitimia, mkeo ni wako. Sikuiti. Unajua desturi: wakwe wakimwita mkwe ni kama wanamfukuza binti yao. Wewe ndiye unayetuma neno la siku utakayokuja. Tukinyamaza, ndiyo karibu. Tukiwa hatutaki, tunatuma mtu akuambie. Na uje mwenyewe na sukari na sabuni na kitambaa cha mama. Baba hatamkabidhi Achta kwa dereva wala kwa ndugu yako, hata akija na msafara.

Nimewekwa mkuu wa kizuizi cha kuingilia kijijini. Ukifika, taja jina langu, utapita.

Mtoto ana masikio yako. Tunamwombea.

Mjomba wa Haoua,
Hassaballah


Ndélé, 12 Mei 2014

Shemeji,

Salamu kwa wazazi wetu, kwa Achta, na kwa mwenye masikio yangu. Barua yako imenifikia imekunjwa ndani ya kofia ya mtu. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Ningekuja arobaini ilipotimia, lakini unajua yaliyotokea Bria. Watu wenu na wetu wamepigana sokoni na ndani ya nyumba. Kaka yangu Khatir ameuawa. Sikuambii ili nikulaumu. Nakuambia kwa sababu wewe ni ndugu yangu na sina mwingine wa kumwambia bila yeye kuanza kuzungumza kisasi. Ukoo ulikaa. Wakaniambia nimwache Mgula wangu huko huko, wataniposea mwingine kabla ya Ramadhani. Mama akasimama, yeye aliyemzika mwanawe juzi, akasema, "Mjukuu wangu ana jina langu. Mtu asiniletee mwingine." Kikao kikaishia hapo.

Kwa hiyo hili ndilo neno langu, lipeleke kwa baba: nitakuja mwishoni mwa Shaabani, peke yangu, na punda, bila silaha. Nataka futari ya kwanza niipokee mkononi kwa Achta, na mtoto awe mapajani kwangu. Mkiwa hamnitaki, mtume mtu. Sitakasirika. Mkinyamaza, nitafunga mzigo.

Mkwe wenu,
Fadoul


Tiroungoulou, 1 Juni 2014

Fadoul, ndugu yangu,

Salamu ni fupi. USIJE.

Pole kwa Khatir. Nilimpenda. Ningekuandikia kurasa lakini mbeba barua amesimama mlangoni.

Mimi si mkuu wa kizuizi tena. Kwenye baraza nilisema sitawapiga watu wa Ndélé, maana mjukuu wetu ni wao. Wakaniita mkwe wa adui. Kizuizi amepewa Birema, ambaye wadogo zake wawili wamekufa Bria, na anasema mimi ndiye nitakayewaingiza Warunga kijijini. Jina langu pale sasa ni sumu. Usilitaje popote.

Baba hakutaka niandike. Alisema tangu kijiji kiwepo hatujamkataa mkwe aliyekuja kwa heshima, hiyo ni aibu. Nikamwambia aibu huoshwa. Alitoka nje, na mfuko wa sandarusi wa kufunika barua hii isilowe ni yeye aliyeuleta.

Ngoja kiangazi. Nitamleta Achta na mtoto mwenyewe, hata kwa kuzunguka Sudan. Nakuapia.

Shemeji yako,
Hassaballah


Ng'ambo ya mto Gounda, 22 Juni 2014

Kwa shemeji yangu, na kwa nyumba nzima ya wakwe,

Assalamu alaikum! Mimi mzima, nimeloa, nimeumwa na kila mdudu aliyeumbwa. Punda ni mzima pia ingawa hatusemezani.

Nilingoja neno lenu, halikuja. Kila lori nilikwenda kuliuliza. Lilipofika la mwisho nalo likawa halina kitu, nilikwenda kwa Mama nikamwambia, "Wamenyamaza." Akanishika uso kwa mikono miwili. Tangu Khatir afe sikuwa nimemwona akitabasamu. Shemeji, mkae mkijua mmenipa furaha ambayo sikuitarajia mwaka huu. Nilidhani yamekwisha, nikasema hata baba wa Achta atashindwa na maneno ya watu. Kumbe bado kuna nyumba ambayo kimya chake ni karibu.

Njia nimeiacha, napita porini na wafuga nyuki, kwa hiyo vizuizi vya Manovo sikuviona. Sukari nimeivalisha turubai langu mwenyewe, ndiyo maana nimeloa mimi. Sabuni ipo. Kitambaa cha mama ni cha kijani, alichagua Mama Haoua, msipokipenda mlaumuni yeye. Kwa ajili ya mtoto sikujua kinachofaa, nimemnunulia viatu. Wenzangu wa safari wamenicheka, wanasema hatavivaa mpaka mwakani. Sawa, mwakani si utafika?

Nampa barua hii muuza asali anayejua njia fupi, ili nisiwakute mmelala. Kesho kutwa nipo kwenu. Nitataja jina lako mapema, kwa sauti, wasije wakaniona nimenyemelea.

Mwambie Achta aandae chumvi.

Shemeji yako,
Fadoul


Tiroungoulou, 9 Agosti 2014

Kwa Mama Haoua, Ndélé,

Mama, nakusalimu kwa unyenyekevu, na siulizi hali. Najua habari umeshazisikia kwa watu. Lakini kwa watu siyo kwa mimi, na wewe una haki ya kuzisikia kwangu.

Nilimwandikia Fadoul asije. Mbeba barua alikuta kizuizi kipya Manovo, wanakagua watu mpaka mdomoni, akaogopa, akajificha porini na barua yangu. Alinirudishia ikiwa kavu ndani ya sandarusi. Mwanao alikuwa ameshazikwa. Hakupata neno, akaelewa vile mtu yeyote wa kwetu au wa kwenu angeelewa. Barua yake ya njiani nayo ilifika siku moja nyuma yake.

Alitoka porini mchana, akashika njia kuu ya kuingilia kijijini, akiongoza punda. Alisimama mbali akaita, "Mimi mkwe wa hapa! Nimekuja kumchukua mke wangu. Shemeji yangu ni Kanali Hassaballah!" Nilikuwa shambani, nikaisikia sauti, nikaijua. Nilikimbia. Nilisikia risasi kabla sijafika kwenye nyumba za kwanza. Birema aliniambia, "Umeona? Amekutaja mwenyewe." Kama asingelitaja jina langu labda wangemhoji, wangempiga, wangemfukuza. Labda. Najiambia hivyo kila siku na hainisaidii.

Sukari waligawana. Siku ya kwanza ya Ramadhani kijiji kilikunywa chai tamu, na watu niliokua nao walimshukuru Mungu kwa riziki. Kitambaa cha kijani nilikipata, nikampa mama. Alikifunga usoni akalia humo. Viatu vya mtoto sikuviona.

Achta alikuwa ametia hina. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nilikuwa nimemkataza mumewe kuja, yeye alikuwa akingoja kama wewe ulivyokuwa ukingoja. Tulimwosha Fadoul mimi na baba, Wagula wawili. Imamu aliswali haraka akaondoka. Achta anakaa eda hapa, wakati alistahili kuikaa nyumbani kwa mumewe, mbele yako. Hasemi nami. Simlaumu.

Wakubwa wote wa Muungano, wenu na wetu, nasikia wako ng'ambo kwenye hoteli moja, wanatia saini amani. Redio imesema wamekumbatiana. Birema amepandishwa cheo. Bunduki yangu niliitupa mtoni, na haikumsaidia mtu, kuna bunduki nyingi.

Mtoto ni wenu, Mama. Sheria ni hiyo na moyo wangu unasema hivyo. Lakini barabara hakuna, na mimi nikimbeba kuelekea kwenu wataniua njiani watu wangu, nikiwaponyoka hao, wataniua watu wako, naye yumo mgongoni. Achta anasema niandike kwamba ameota jino la chini, na kwamba akilia anakunja uso kama babake akinywa dawa. Nimeandika kama alivyosema.

Anayeibeba barua hii ni mwanamke muuza chumvi. Nimemwambia akiulizwa imetoka kwa nani, aseme hajui.

Mimi,
kaka yake Achta